Altezza kuukuu na breki zake: dalili, chanzo, na diski zipi uagize ukiwa Kigoma

Altezza, gari la spoti la Toyota, ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Kwa hiyo hata ile inayoitwa "bado mpya" pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, ina miaka zaidi ya 20. Imepita kwa wenyewe kadhaa Japani, ikapita kwa wengine Dar, ndipo ikafika huku mwisho wa reli. Kila mmoja kazigusa breki kwa namna yake: yupo aliyefunga diski zenye mistari, yupo aliyebadilisha kalipa nzima (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na wapo wengi walioshughulika na muziki na rimu tu.

Mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko yanayorudi kila mara. Nasema Altezza kwa sababu ndiyo iliyojaa, ila mengi humu yanaihusu pia Impreza WRX, Celica na Mark II. Msimamo wangu ni huu: diski na pedi ni vitu vya mwisho kununua, si vya kwanza. Duka lenye uchaguzi mpana liko Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Ukiagiza kwa kubahatisha unalipia mzigo mara mbili, na gari linakaa juu ya stendi wiki nzima.

Kabla ya yote: gari liegeshwe mahali tambarare, tairi zisizoinuliwa zizuiwe kwa vigingi, na gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya kuchoma hupasuka ghafla. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, lilowanishe kwa maji ya sabuni na kulifuta. Pedi za zamani na za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto.

Usukani unatetemeka ukikanyaga breki

Hili ndilo lalamiko namba moja, na wengi hulisikia wakishuka Lumumba kutoka Mwanga kuelekea stesheni. Fundi wa kwanza atakwambia diski "zimepinda". Mara nyingi hazijapinda.

Jiulize kwanza: linatetemeka hata usipokanyaga breki? Kama ndiyo, acha breki, kaangalie balansi ya tairi, rimu iliyogonga shimo, au bushi na boli joint. Kama ni wakati wa breki tu, sikiliza mtetemo uko wapi. Ukiwa kwenye usukani, kwa kawaida ni mbele. Ukiwa kwenye kiti na pedali huku usukani umetulia, anza nyuma.

Chanzo cha kawaida kabisa ni uchafu kati ya diski na habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake), kikifuatwa na nati zilizokazwa vibaya. Vumbi letu jekundu likichanganyika na kutu hutengeneza gamba gumu kwenye uso wa habu. Diski ikikalia gamba hilo inakaa upande, hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Vua diski, kama imeng'ang'ania, usiipige nyundo usoni. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye kofia yake, yaani sehemu ya katikati iliyoinuka. Ingiza bolti mbili za milimita 8, zikaze kwa zamu kidogo kidogo, diski itajisukuma yenyewe. Sugua habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, na ndani ya kofia ya diski vilevile.

Wakati wa kurudisha tairi, nati zikazwe kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Kipimo cha Toyota kwa nati za milimita 12 kama za Altezza ni nyutoni mita 103. Fundi anayesimama juu ya spana kwa miguu miwili, au anayemaliza kazi kwa bunduki ya upepo, anaweza kuilazimisha diski kukaa upande siku hiyohiyo. Watu kadhaa wamekwenda kununua diski wakati walichohitaji ni brashi ya waya na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza.

Chanzo cha pili ni diski yenye unene usio sawa. Diski inayoyumba kidogo hugusa pedi sehemu moja kila mzunguko, na baada ya miezi sehemu hiyo inaliwa au inapakwa masalia ya pedi. Tofauti ya sehemu ndogo tu ya milimita inatosha kukutetemesha mikono. Hapa unahitaji maikrometa, kipimo cha unene mdogo sana: pima sehemu nane kuzunguka diski, kama sentimita moja ndani ya ukingo. Kama una venia tu (kipimo cha kubana chenye meno mawili), ujue inadanganya, kwa sababu meno yake yanakaa juu ya ukingo wa kutu ambao pedi haiufikii, na kipimo kinatoka kinene kuliko ukweli. Weka sarafu mbili za shilingi 200 zilizo sawa, moja kila upande wa diski ndani ya ukingo huo, bana juu yake, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Haishiki tofauti ndogo kama maikrometa, lakini itakuonyesha kama diski imeisha.

Imeisha kwa kipimo gani? Diski yenyewe inasema. Kwenye kofia au ukingoni huandikwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba ya milimita. Diski iliyofika hapo haichongwi, inatupwa. Iliyo juu ya hapo kwa kiasi cha kutosha unaweza kuipeleka kwa mchongaji mwenye leti (mashine ya kuchonga chuma), mradi ikirudi bado ibaki juu ya kipimo. Mimi kwa diski za mbele za gari la spoti naona kuchonga ni kuahirisha, maana diski nyembamba hupata moto haraka, na mtetemo unarudi.

Kama habu ni safi, diski ni mpya, na bado inayumba, weka daili geji, saa ya kupimia kuyumba kwa diski. Kwa magari mengi mwisho unaokubalika mbele ni kama milimita 0.05. Ukipita hapo, geuza diski tundu moja la stadi na upime tena. Isipopungua, habu au beringi ndiyo tatizo. Beringi ya mbele hapa si kazi ya uani. Mpe mwenye presi.

Breki zinalia

Kelele nyembamba kama filimbi inayotokea ukikanyaga kidogo: tazama unene wa pedi kupitia dirisha la kalipa. Pedi za Altezza za asili zina ulimi wa chuma unaogusa diski pedi ikikaribia kuisha. Ikiwa imebaki chini ya milimita 3, badilisha, usisubiri.

Pedi ni nene na bado zinalia? Basi ni bati za nyuma ya pedi zilizotupwa na fundi "kwa sababu hazina kazi", au pedi ngumu ya bei ya chini, au vumbi. Kelele ya asubuhi inayopotea baada ya breki mbili tatu ni kutu ya usiku tu. Ukikaa karibu na ziwa, Kibirizi au Bangwe, utaizoea.

Kelele ya chuma kusaga chuma ni habari nyingine. Simama. Pedi imeisha, bati la chuma linaloshika pedi linakula diski, na pistoni ya kalipa imetoka nje kupita kiasi. Gari libebwe.

Pedali imebadilika, au breki zinapotea kwenye mteremko

Hapa sitaharakisha, kwa sababu barabara ya Manyovu kurudi Mwandiga haisamehe. Yapo matatizo mawili yanayofanana kwa dereva aliyeogopa, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Kwanza: pedali ni ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halisimami, na kuna harufu ya kuungua. Pedi zimezidiwa na moto. Pili: pedali imekuwa laini, inazama karibu na sakafu, na ukipampu inapanda kidogo. Hiyo ni oili ya breki imechemka ikatoa mvuke, na mvuke unabanika, oili haibaniki.

La pili ndilo nalokuta mara nyingi zaidi kwenye magari ya umri huu, na watu hulitibu kwa kununua pedi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji kipimo chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa imenyonya. Sasa fikiria gari ambalo oili yake haijawahi kubadilishwa tangu lishushwe bandarini. Fungua kifuniko: oili ikiwa ya rangi ya chai ya rangi, au nyeusi, imwage yote na kujaza DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu mwaka jana limeshanyonya kama ile uliyomwaga. DOT 5 ya silikoni usiichanganye kamwe na hizi, 5.1 inachanganyika, 5 haichanganyiki, na namba zinafanana kiasi cha kumponza muuzaji asiyesoma.

Kutoa upepo kwenye oili ya breki ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali na mmoja kwenye nipeli (kizibo cha kutolea oili kwenye kalipa), kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali. Usiiache tanki ya oili ya breki ikauke katikati ya kazi. Kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, upepo ukiingia kwenye mtambo wake unaweza kuhitaji mashine ya kompyuta kuutoa.

Kama pedali inazama taratibu gari likiwa limesimama, injini inaunguruma na breki ni baridi, hilo si joto. Tafuta uvujaji kwenye kalipa, kwenye mipira ya breki, na chini ya masta silinda. Usipoona tone popote, masta silinda inapitisha ndani. Gari la namna hii lisiendeshwe hata kwenda gereji. Mwite fundi aje.

Na kama ni lile la kwanza, pedi kuzidiwa: uliza kwanza umeshukaje. Kwenye mteremko mrefu gia ishuke kabla ya mteremko kuanza, ukanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, badala ya kuegemea pedali kilomita nzima. Ukishuka vizuri na bado zinazidiwa, ndipo zungumzia pedi bora. Baada ya kuzidiwa usimwagie diski maji na usivute hendibreki ukaondoka. Ziache zipoe zenyewe.

Gari linavuta upande mmoja

Angalia upepo wa tairi kwanza. Nasema hivi kwa sababu hakuna anayeangalia.

Kisha pini za kalipa. Kalipa za pistoni moja huteleza kwenye pini mbili, na grisi ya humo ikikauka inageuka lami nyeusi: unavuta pini kwa koleo, inatoka na mlio, na nusu yake ina kutu ya kahawia pale mpira wa vumbi ulipochanika. Pedi ya ndani inakuwa imeisha, ya nje ni kama mpya. Ukiona ulaji wa namna hiyo, usifunge pedi mpya juu yake. Safisha pini, weka mipira mipya, paka grisi ya silikoni maalumu ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha mpira, na baada ya muda pini inang'ang'ania tena.

Kingine ni mpira wa breki ulioziba kwa ndani. Nje unaonekana mzima, ila ndani umevimba, unapitisha oili kwenda na hauirudishi. Kuujua: gurudumu likigoma kuzunguka, legeza nipeli. Likiachia mara moja, presha ilikuwa imefungiwa, na mpira ndio mshukiwa. Lisipoachia, ni pistoni au pini. Badilisha mipira kwa jozi. Kalipa ambayo pistoni yake ina kutu kwenye uso unaopita kwenye sili haitibiwi kwa msasa.

Umefunga vipya, hali ni mbaya kuliko mwanzo

Huku ndiko pesa zinakopotelea. Mazungumzo ya simu na duka huwa hivi:

"Mkuu, nitumie diski za Altezza na pedi zake."

"Za mbele?"

"Za mbele."

"Poa bosi, kesho zinapanda basi."

Hakuna aliyeuliza la maana. Altezza ya SXE10, ambayo ndiyo RS200 ya silinda nne, na GXE10, ambayo ni AS200 ya silinda sita, si lazima ziwe na breki sawa. Altezza Gita, zile zenye umbo la wagon, zina msimbo wao: GXE10 nazo, GXE15 kwa zinazovuta magurudumu manne, JCE10 na JCE15 kwa injini ya lita 3. Kwa Subaru ni vurugu zaidi: Impreza WRX moja ina kalipa za pistoni mbili mbele, nyingine za pistoni nne zenye diski ya milimita 294, na STI yenye Brembo inabeba diski ya milimita 326. Pedi zao haziingiliani.

Kwa hiyo unampa muuzaji vitu vitatu. Namba ya chesisi na msimbo kamili kutoka kwenye bati lililo ukutani nyuma ya injini. Vipimo vya diski iliyopo: kipenyo, unene ikiwa mpya kama unaupata, kimo cha kofia na tundu la katikati. Na picha ya pedi ya zamani ikiwa imelazwa juu ya karatasi pamoja na rula. Hiyo ya tatu ndiyo inayookoa, kwa sababu kama mwenye gari wa huko nyuma alifunga kalipa za gari lingine, namba ya chesisi itakuletea spea sahihi za gari ambalo halipo tena. Kinachoamua pedi ni kalipa iliyofungwa, si jina lililo kwenye buti.

Ukinunua jenyuini ya Toyota, namba za pedi za mbele huanza na 04465 na za nyuma 04466. Diski za mbele 43512, za nyuma 42431. Muuzaji anayekupa boksi la Toyota lenye mwanzo tofauti na huo, muulize vizuri.

Pedi gani? Kwa gari la kutembelea mjini na kwenda Kasulu, chukua ya kawaida ya ubora mzuri, ya oganiki au ya seramiki. Ya nusu chuma inastahimili joto zaidi, inalia zaidi na inakula diski zaidi. Inamfaa anayeshuka Manyovu kila wiki na abiria wanne. Ya mashindano usiinunue. Inahitaji moto ndipo ishike, na asubuhi ya baridi mtoto akikatiza barabara haina moto. Ukingoni mwa pedi mara nyingi kuna herufi mbili, kama FF au GG: ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa na joto dogo, ya pili ikiwa na joto kubwa. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa milima yetu epuka yenye E kama herufi ya pili. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R inaonyesha imepita kipimo cha Ulaya cha pedi za kubadilishia. Maandishi ya wino yanayofutika kwa kidole, au pedi inayomeng'enyeka ukiikwaruza kwa ukucha, rudisha.

Diski: za mbele chukua za kawaida zenye nafasi za hewa kati ya nyuso zake mbili. Zenye vitobo hupasuka kuanzia kwenye vitobo, na kwa barabara ya kawaida hazikupi chochote zaidi ya sura. Zenye mistari sizikatai, ila zina kushoto na kulia, soma boksi. Nunua kwa jozi za ekseli moja. Diski za mtumba kutoka gari lililokatwa zipime kwanza kwa MIN TH. Nyingi zinauzwa zikiwa zimebakiza kidogo sana.

Sasa kama umefunga vipya na havishiki, sababu ya kawaida ni mafuta ya kuzuia kutu yaliyobaki kwenye diski. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kabla ya kufunga. Ya pili ni kutozizoesha. Tafuta barabara tupu, upande wa Kidahwe asubuhi mapema unafaa. Toka kilomita 60 kwa saa hadi 10 kwa breki ya wastani, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kubana diski ikiwa ya moto, pedi inaacha alama, na umerudi kwenye usukani unaotetemeka. Pedi iliyodondokewa grisi au oili haisafishwi kwa petroli, inatupwa.

Kama baada ya hapo gari bado halisimami kama zamani, au taa ya ABS imewaka baada ya kazi, usiendelee kufungua. Waya wa sensa huenda umevutwa au kuna upepo ndani. Mpe fundi wa umeme wa magari mwenye kisomaji.

Hendibreki haishiki baada ya kubadilisha diski za nyuma

Altezza ina shuu ndogo, vipande vya breki vinavyobana kwa ndani, ndani ya kofia ya diski ya nyuma. Diski mpya ina kofia ambayo haijaliwa, shuu zimebaki na marekebisho ya zamani, kwa hiyo lazima shuu zirekebishwe. Kuna tundu lenye kizibo cha mpira kwenye kofia. Zungusha gurudumu la meno kwa bisibisi mpaka diski igome, kisha rudisha nyuma mpaka izunguke bila kusugua. Usianze kwa kukaza waya ndani ya gari, huo ni wa mwisho. Shuu iliyobanduka utandu wake inaweza kufunga gurudumu ukiwa safarini, kwa hiyo ukisikia kitu kinacheza ndani ya kofia, vua diski kabla ya kwenda popote, na mpaka itengenezwe egesha gari likiwa kwenye gia na kigingi chini ya tairi.